Zizi Linalotembea Ndani ya Seli

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya sekondari moja kule kijijini Mamba, niliosha slaidi, vile vioo vyembamba vya kuwekea kitu kinachotazamwa kwa hadubini, mara tatu. Halafu nikaanza tena. Mkuu wa Maabara aliniangalia weee, kisha akasema, "Kijana, umekuja kazini au unaosha vyombo vya harusi?" Nilicheka, nikaendelea kuosha. Nilikuwa na cheti cha kidato cha sita tu. Mengine yote nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vilivyochanika na kwa simu.

Ninaandika haya nikiwa na miaka thelathini na moja. Walimu wenzangu wanaita kuondoka kwangu "kustaafu", kwa utani. Muda wangu wa kujitolea umekwisha, na nyie mnaokuja nyuma yangu nataka mjue nilivyoifanya kazi hii, pamoja na aibu yake.

Kutoka Mamba nilihamia Mpanda mjini, shule ya kidato cha tano na sita, nikapewa kufundisha seli. Ndani ya seli kuna kiunzi, yaani nyuzi za protini zinazoipa umbo, na nyembamba kuliko zote ni za aktini. Mimi nilitaka neno moja safi, nikaandika ubaoni kwa rula: "Mifupa ya seli." Wanafunzi walilipenda. Mimi nililipenda zaidi, hadi nikaamini kwamba nyuzi hizo ni ngumu na hazibadiliki.

Katika mtihani wa muhula, Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Mamba, aliandika kwamba uzi wa aktini ni kama zizi la miiba linalotembea. Nilimpa sifuri. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: Mfupa hauhami. Sifuri hiyo ilimshusha chini ya wastani, na jina lake likabandikwa kwenye orodha ya watakaoondolewa mchepuo wa sayansi siku ya Ijumaa.

Jumatano alinifuata maabara, karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Hii sifuri ni ya nini?"

"Marahaba. Nimekuuliza seli, umenijibu ng'ombe."

"Umewahi kuona tunavyohamisha zizi?"

"Zizi nimeliona."

"Kulihamisha, nasema. Tunang'oa miiba ya nyuma, ile mikavu, tunaongeza mibichi mbele. Kila siku kidogo. Ukubwa ni uleule na ng'ombe hawakosi pa kulala. Lakini baada ya muda zizi liko shamba lingine, na kule lilikotoka baba anapanda mahindi." Akaweka karatasi mezani. "Kitabu cha maktaba kinasema uzi unaongezwa vipande ncha moja, unapunguzwa ncha ya pili. Hilo si zizi?"

Nilimwambia arudi darasani. Nikachukua simu kutafuta ushahidi wa kosa lake. Nikakuta picha inayosonga: seli nyeupe ya damu inatambaa, mbele nyuzi zinajengwa, nyuma zinabomolewa. Nikasoma kwamba chembe za aktini hujiunga zikiwa zimebeba ATP, ile molekuli ya nishati. Zikikaa kwenye uzi, ATP huvunjwa, na kuna protini inayozitambua hizo zilizozeeka na kuukata uzi hapo. Nyingine huziba ncha kama kofia, uzi usirefuke ovyo. Miiba mibichi, miiba mikavu. Nilikaa sakafuni. Kibaya zaidi, nikasoma kwamba hata mfupa wenyewe, huu wa mguuni kwangu, mwili huubomoa na kuujenga upya maisha yote.

Alhamisi asubuhi nilimwekea Mkuu wa Shule ile karatasi mezani.

"Kabula yuko sahihi, Mkuu. Niliyekosea ni mimi."

Alivua miwani. "Umefundisha hivyo muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Mitatu. Wewe, bwana mdogo, unayenirudishia barua kwa sababu ya nukta?"

"Ndiyo, Mkuu."

Aliomba kalamu yangu nyekundu, akalikata jina la Kabula kwenye orodha. Kisha akaninyooshea kalamu. "Na hao waliokwisha kumaliza shule, utawafutia kwa kitu gani?"

Kabula alibaki sayansi. Swali lile lilibaki na mimi. Wiki hii, nikifungasha vitu vyangu, nimeanza kuwapigia simu waliopita mikononi mwangu. Wengi wamecheka. Wengine hawakumbuki hata seli ni nini. Wa mwisho kupokea anafundisha tuisheni ya baiolojia Ikola, kule ziwani. Nilimweleza yote. Nikasikia vijana wakiongea nyuma yake.

"Mwalimu," alisema, "niko darasani sasa hivi. Nimeshaandika ubaoni."

"Umeandika nini?"

"Mifupa ya seli. Kwa rula, kama ulivyotufundisha."

Nimemwomba asifute. Kesho asubuhi napanda basi la Ikola, nikafute mwenyewe, mbele yao.