Mashine ya Mke Wangu Inapiga Watu Shoti

Leo nimeitwa mchawi na kijiji kizima cha Isansa kabla hata sijanywa chai.

Mashine ya kusaga ya mke wangu imeanza kupiga watu shoti. Ukiigusa tu, unaruka. Kina mama wakabeba ndoo zao za mahindi: "Mzee kaitia dawa! Twendeni tukasage Vwawa."

Mke wangu machozi. Mimi nikacheka, nikawaambia umeme unaogopa mwanamume.

Nikaweka mkono.

Jamani! Nilijikuta kwenye lundo la pumba, miguu juu. (Aliyepiga picha, nakujua.)

Fundi akaja, akalifuata bomba la chuma lililobeba nyaya hadi kwenye mota. Katikati akakuta kipande cha plastiki.

"Chuma hiki ndiyo ethi yenu," akasema. "Umeme ukivuja kwenye mashine, unarudi kupitia hapa, swichi inajizima. Plastiki haipitishi. Nani kachomoa kipande cha chuma?"



Nikawa wa kwanza kulaani: "Wezi hawa!" Nikagonga fimbo yangu mpya sakafuni kwa hasira.

Ikalia ngo!

Wote wakaitazama fimbo yangu.

Jamani, kile kipande nilikichomoa mimi siku mota ilipopelekwa matengenezo, nikaweka plastiki mahali pake. Kilikuwa kimenyooka vizuri, saizi yangu kabisa ya kutembelea!

Mke wangu akanyoosha mkono: "Baba Tumaini. Lete."

Chuma kimerudi kazini, mashine imetulia, kina mama wanasaga huku wakinicheka. Mimi nimepewa ile plastiki nitembelee.

Inapinda.

Nani ana mpera kwake nije nikate tawi?