Fine, Yaani Usije

Nafundisha Wakorea Kiingereza kwa mtandao, nikiwa kwenye chumba cha kupanga mjini Kisii. Asubuhi moja mwanafunzi wangu, mama mstaafu wa rika la mama yangu, alinikwamisha kwa kineno kidogo: "fine". Kitabu chake kilisema maana yake ni mzima, hajambo.

"Lakini mwalimu, mtu akitaka kuniongezea chakula nikamwambia I'm fine, mbona anarudisha sufuria?"

Nikamweleza kwamba hapo unakataa. Imetosha, usijisumbue. Akacheka, akasema kwao pia lipo neno moja linalofanya kazi zote mbili, gwenchanayo.

"Ndilo ninalowajibu watoto wangu wakinipigia simu," akasema. "Wanadhani siugui kamwe."

Mimi sikucheka. Mama yangu anaishi Ekerenyo, na kila nikimpigia jibu ni lile lile la Wagusii wote: "Buya mono." Vizuri sana. Mgusii hata awe na jeneza sebuleni, atakujibu buya kwanza, mengine baadaye. Nami nilikuwa nikilipokea jibu hilo kama kitabu kinavyosema.

Niliahirisha vipindi vyangu, nikawaambia wanafunzi mama yangu anaumwa, kabla hata sijajua kama ni kweli. Nilipofika nyumbani niliona chai imekomaa shambani bila kuchumwa, na mama hakuwahi kuiacha chai hivyo. Alikuwa amelala, tumbo limevimba, mikono imekonda.

"Mama, habari yako?"

"Buya mono. Nani amekuita?"

Nilikasirika. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kazi," akasema, akageukia ukutani.

Hospitalini daktari alinivuta pembeni. Ugonjwa ulikuwa umeenea, hapakuwa na la kutibu tena. Nikamrudisha mama nyumbani, nikawa nafundishia sebuleni, karibu na mlango wa chumba chake.

Mwanafunzi wangu alipotokea kwenye skrini, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, mama yako anaendeleaje?"

Nilitaka kumwambia ukweli. Nikautazama mlango wa chumba cha mama.

"She's fine," nikasema.

Hakujibu "vizuri", kama kitabu chake kinavyofundisha. Alikifunga taratibu, akainamisha kichwa.