Rais Aliyesubiri Kibali

Korido ya ghorofa ya tatu, kule Al Qusais, mtaa wa jiji la Waarabu, ilinuka vitunguu vya kila taifa pamoja na maji ya kiyoyozi yaliyodondoka kwenye ndoo mchana kutwa. Mwezi wa Agosti nje hapakaliki, bomba la maji baridi linatoa maji ya chai, kwa hiyo sisi tuliokosa tiketi ya kwenda nyumbani likizo tulikuwa wafungwa wa korido hiyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na mdomo usiofungika. Wenzangu walikuwa Hashim, Mzanzibari wa mlango wa pili, na Okello, Mganda aliyekubali jambo lolote mradi kuna cha kutafuna. Tulipochoka kugombana, nikaunda nchi.

Wazo nilikuwa nimelitoa darasani. Mwalimu alitueleza kwamba katika nchi ya kikomunisti yenye chama kimoja Rais hupokea mabalozi, huvisha watu nishani na kutia sheria saini, ila sheria zenyewe hufika mezani kwake zikiwa zimeshapikwa na Chama. Anayeshika Chama ndiye anayeshika nchi. Mara nyingi mtu mmoja huvaa kofia zote mbili, alisema, lakini si lazima. Hilo “si lazima” nililipenda kuliko somo zima. Nikajiteua Katibu Mkuu, Hashim akawa Propaganda, Okello akawa Usalama. Rais tukakosa, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa mjinga kiasi hicho.

Ndipo akaja Neema, miaka minane, kutoka Machakos. Alikuja kwa viza ya matembezi kumwona mama yake, aliyefanya kazi za ndani kwenye villa moja ya mtaa wa Mirdif, akilala hukohuko na kutoka Ijumaa tu. Neema mwenyewe alikaa kwa shangazi yake, mlango wa tano. Alisimama akatutazama siku nzima kabla ya kuuliza, “Mnacheza nini?”

“Tunatafuta Rais,” nikamwambia. “Unajua kuandika jina lako?”

“Najua. Hata kwa mwandiko wa kuunganisha.”

Khalas, tukamwapisha. Tulimpa kiti cha plastiki na nishani ya kifuniko cha chupa ya laban, maziwa mala ya huku. Kila asubuhi Chama kilikaa ngazini bila yeye, kikapiga kura, mikono yote juu, kisha nikampelekea karatasi. Nilimwambia Rais akisoma kabla ya kusaini anaonyesha hana imani na wananchi, kwa hiyo hakusoma. Alisaini kwamba biskuti za Rais ni mali ya umma. Alisaini kwamba mpira ukianguka chini, Rais ndiye anayeufuata juani. Alisaini huku ametoa ulimi kwa umakini, kisha akajipigia makofi. Alhamisi moja, kwa kuchoka tu, nikaandika kwamba Rais haondoki nchini bila kibali cha Chama. Nchi ilianzia kwenye lifti ikaishia dirishani.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Neema. Jumatatu anapanda ndege. Mama yake alifika amevaa gauni zuri. Alikuwa amemwahidi kumpeleka kuona samaki wakubwa kama mlango, wanaoogelea nyuma ya kioo kwenye mall, na madam, mwajiri wake, alikuwa amempa ruhusa hadi saa nane.

“Siwezi, mama,” Neema akasema. “Nilisaini.”

Mama yake alicheka. Alimvuta mkono, mtoto akashika kiti akalia kama anachinjwa, na nadhani mama hakutaka siku yao ya mwisho iwe ya kuburutana. Akaja kwetu. “Katibu Mkuu ni nani hapa?”

“Ni mimi, anti.”

“Mheshimiwa, naomba uniazime Rais wako mpaka saa nane.” Akanipa sambusa alizozifunga kwa karatasi ya foili.

Ningesema “nendeni” yangeisha. Nikasema, “Chama kitakaa kulijadili.” Okello akazipokea sambusa kwa niaba ya wananchi.

Hapakuwa na la kujadili. Tulikaa ngazini tukala. “Mpe basi, mama wa watu,” Hashim akasema. Nikamwuliza kama anataka kufukuzwa Chamani. Akachukua sambusa nyingine. Nikachungulia mlangoni. Mama Neema alikuwa amekaa sakafuni, viatu kando, na Rais ameketi wima kwenye kiti na nishani yake. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisubiri mimi. Utamu wa kusubiriwa sijausahau, na nikaongeza muda.

Simu ya Mama Neema ikalia. “Yes, madam. Now, madam.” Wageni wa madam walikuwa wamewahi, na dereva alishatumwa kumchukua. Nilipotoka na kibali alikuwa anavaa viatu. Neema akakipokea na, kwa mara ya kwanza, akasoma, kidole chini ya kila neno, kisha akasaini.

“Kimekubaliwa, mama.”

“Nimeona, mami,” akasema mama yake, na lifti ikajifunga akiwa peke yake ndani.

Sasa nina miaka kumi na saba. Viza nyingine haikupatikana. Kwa mama yake, Neema ni msichana wa kwenye simu tu. Mama yake bado yuko Mirdif, na tukikutana kanisani Ijumaa, siku ya ibada huku, huniita kwa sauti, “Mheshimiwa, Chama kinaendeleaje?” Mimi, niliye na jibu hata kwa mwalimu mkuu, humsalimia tu nikapita. Muhula uliopita mtihani ulituuliza kazi za mkuu wa nchi katika dola ya chama kimoja. Niliandika kwamba hupokea wageni, huvaa nishani, hutia saini, kisha hukaa kwenye kiti chake akasubiri. Nilipata alama zote.