"Take" iliyomliza Marisol

Jamani, leo nimemkuta mtu kazini analia kwa sababu ya neno "take".

Ni Marisol, Mkolombia ninayefunga naye maboksi kiwandani huku ughaibuni, Smithfield. Alikuwa anatoa vitu vyake kabatini.

"Neema, wamenifukuza. Bosi kasema 'take off', yaani niondoke."

Ana watoto wawili, na mwaka mzima amekuwa kibarua tu.

Nikamshika mkono, tukaenda mpaka kwa bosi.

"Mbona mnamfukuza?"

Bosi akatoa macho. "Nani kafukuzwa? Nimemwambia 'we're taking you off casual'. Ukibarua umeisha, Jumatatu anaanza ajira ya kudumu!"

Marisol alishaijua "take" ya kupanda treni, ya kumeza dawa, hata ya kuvua viatu. Hii ya leo alikuwa hajawahi kukutana nayo.

Nilipomweleza polepole, akaketi juu ya boksi, akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akampigia mama yake Kolombia.

Kihispania sijui hata neno. Lakini mama alivyopiga mayowe ya furaha kwenye simu, sikuhitaji mkalimani.

Haya, wewe Kiingereza kilikuliza kwa neno gani?