Mbuzi wa Msamaha

Jumamosi, mnadani Himo, mwanamume mmoja alikuwa akimsukumiza mbuzi ndani ya gari la michezo la milango miwili. Shingoni mwa mbuzi lilifungwa jani la isale. Kwetu Uchagani, anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe.

“Kaka, hili gari ni la kubebea warembo,” muuzaji alimtania.

“Wewe sukuma tu. Baba anaumwa, na hatujasemezana tangu nioe.”

Pembe zilikwama mlangoni. Simu yake ikaita. Alisikiliza, kisha akaegemeza paji la uso kwenye paa la gari.

“Mzee ametutoka.”

Muuzaji alishika kamba. “Pole sana, kaka. Nimshushe?”

“Hapana. Mfunge mkanda.”

Gari likaondoka polepole kuelekea mlimani. Halikuwa tena na sababu ya kukimbia.