Mrija wa Posa ya Dada

Ningeweza kuukataa ule mrija. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mdomo ulikuwa wangu, na hakuna aliyenishika shingo.

Juzi, nikitoka kumzika dada yangu Biharamulo, nilipitia kwetu Kasulo, nikapanda kile kilima nyuma ya kanisa. Siku hizi ni mashamba ya mihogo. Nilichokonoa udongo kwa mkongojo, nikitafuta makopo. Sikupata hata kutu.

Unaikumbuka ile miaka, rafiki yangu? Wakimbizi walikuwa wakivuka kutoka Burundi na mikeka yao kichwani, na mama akipika maharage chungu kizima kwa kuwa hakujua nani angebisha hodi. Moshi wa kuni mbichi ulitufuata hadi darasani. Pamoja na dawa za msaada akaja nesi wa Kizungu, na nyuma ya landrova yake mfuko mrefu wa fimbo za gofu. Jumapili baada ya misa alipanda kilimani, akafukia makopo matupu ya mafuta ya msaada yawe mashimo, akaanza kupiga vimpira vyeupe. Dada, aliyenizidi miaka minne, ndiye aliyembebea mfuko.

Siku moja nesi akampa fimbo. Dada akaukosa mpira, akang'oa bonge la nyasi. Wanawake waliotoka kuteka maji walicheka hadi ndoo zikamwagika. Tangu hapo bibi mmoja mkimbizi hakukosa la kusema:

"Mwanangu, huyo nyoka hajafa tu?"

"Amekufa, bibi. Nampiga asifufuke."

Dada hakuacha. Alfajiri kabla ya kwenda kulima alikuwa kilimani na fimbo aliyoichonga kwa mti wa mpera, akipiga kokwa za parachichi. Malengelenge yalipasuka, viganja vikaota sugu. Alikuwa msichana wa kuongea akitazama chini. Mchezo ule ukamwinua kichwa, maana ukishapiga lazima uutazame mpira unakokwenda. Mvua za vuli zilipofika, alikuwa akimshinda nesi mwenyewe.

Nesi akaja nyumbani. Alitaka kumpeleka Mwanza, ambako wanawake walishindana gofu. Angelala kwa masista na kujifunza uuguzi. Baba akasema kuna mtu wa Biharamulo, mfanyabiashara wa ng'ombe, anakuja kuposa Jumamosi.

Kwetu posa haikufungwa na baba peke yake. Mtungi wa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, uliwekwa katikati, na ndugu wa kiume wa binti akapewa mrija. Akinywa, imefungwa. Asipokunywa, wageni hubeba mtungi wao, warudi baada ya mavuno. Wa kiume nilikuwa peke yangu.

Dada alinikuta nikikata majani ya mbuzi. "Mdogo wangu, kesho usinywe. Landrova inaondoka Jumatatu. Sitakuomba kingine."

Nikaapa.

Kesho yake mrija ulipofika kwangu, nilisita. Mposaji akatabasamu. "Vipi, shemeji? Au bado unanyonya?"

Wazee wakaangua kicheko, baba pia. Nikavuta. Ilikuwa tamu, yenye uchachu kidogo. Nilipoinua macho, dada alikuwa mlangoni, kichwa juu, akinitazama kama alivyoutazama mpira ukienda mbali.

Jumatatu landrova iliondoka bila yeye. Alikwenda Biharamulo na fimbo yake ya mpera. Mumewe akaitia motoni. Akachonga nyingine, nayo ikachomwa. Akachonga ya tatu. Nilipomtembelea, nimeshamaliza sekondari, nilikuta makopo matatu yamefukiwa nyuma ya migomba, na binti zake wakipiga kokwa za parachichi, vichwa juu. Nilisimama pale nikicheka peke yangu kwa furaha.

Yeye alinitandikia mkeka mpya. "Karibu, mgeni."

Nikamwomba msamaha.

"Kunywa chai, mgeni. Itapoa."

Nilirudi karibu kila mwaka, na kila mara nikaomba. Alinichinjia kuku, akanisindikiza hadi barabarani, akaniulizia afya ya mama. Hakunigombeza hata siku moja. Juzi msibani binti zake, wanawake wazima sasa, waliniamkia shikamoo kwa heshima, wakanionyesha benchi la wageni. Nikaenda kukaa.

Nilikunywa mara moja tu. Kuanzia siku ile hadi tunamfukia, hakuniita tena mdogo wangu, na mimi sikuwa na dada.