Jibu Langu Kuhusu Samaki

Mwandishi wa habari alinikuta ufuoni Luanda Kotieno, nimeloa hadi magotini, nikijaza maji ya ziwa kwenye chupa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, amevua viatu na kuvishika mkononi kwa sababu ya matope. Nilimpenda papo hapo. Mimi ni mtafiti wa maji na samaki, ofisi yangu iko Kisumu, na kwa miaka mingi nilikuwa nimelalamika kwamba hakuna anayejali kazi yetu. Huyu alikuwa amefunga safari kuja kuuliza.

Nikamweleza kuhusu utando wa kijani uliokuwa umefunika ghuba msimu ule. Nikamwambia una sumu, na sumu ile haitoki hata maji yachemshwe namna gani. Kwa hiyo watu wasiteke maji ya kunywa pale mpaka utando upotee. Nilirudia mara tatu. Akaandika yote. Kisha, daftari likiwa tayari limefungwa, akauliza, "Na samaki, daktari? Wana sumu?"

"Bado tunawapima," nikasema. "Siwezi kusema kwamba hawana."

Kwetu sisi watafiti, hilo ni jibu la uaminifu. Maana yake: sijui, na sitaki kukudanganya. Nililitamka bila kulifikiria, nikarudi kwenye chupa zangu.

Hatua chache kutoka pale, mama yangu mdogo alikuwa anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, akanisomesha kwa samaki wale wale. Kila nilipohitaji samaki wa kupeleka maabara, yeye ndiye aliyenichagulia, na wenzake wakinung'unika aliwanyamazisha. Siku ile alimkaribisha mgeni wangu chai. Mwandishi akanywa vikombe viwili, akashukuru, akaenda zake.

Gazeti lilipotoka, kichwa cha habari kilisema: "Mtaalamu: Samaki wa Ziwa Huenda Wana Sumu." Maji yalipewa mstari mmoja, mwisho kabisa. Kufikia adhuhuri redio za Kisumu zilikuwa zimeidaka habari hiyo, na lile neno "huenda" lilikuwa limedondoka njiani. Jioni picha yangu ilikuwa inazunguka kwenye WhatsApp, nimeinua chupa kama mtu anayetoa ushahidi, na chini yake maneno ambayo sijawahi kuyasema maishani.

Nikampigia mwandishi.

"Mimi kichwa cha habari nilichoandika kilihusu maji, daktari. Mhariri amekibadilisha bila kuniuliza." Kisha akauliza, "Lakini yale maneno ya samaki, si uliyasema?"

Niliyasema.

Kesho yake mkubwa wangu kazini akatoa amri: hakuna kuzungumza na wanahabari mpaka atakaporuhusu. Kwa hiyo nilinyamaza katika siku zile hasa ambazo nilipaswa kupiga kelele. Majibu ya maabara yalipotoka na kuonyesha kwamba nyama ya samaki haikuwa na tatizo, nililazimika kubembeleza ruhusa. Redio moja ikanipa dakika chache katikati ya matangazo ya biashara. Msikilizaji akapiga simu.

"Daktari, wewe mwenyewe unakula hiyo samaki?"

"Ndiyo, nakula."

Akacheka. "Hata wanasiasa husema hivyo."

Jumamosi nikaenda Luanda Kotieno. Malori ya wanunuzi hayakuwepo. Omena ya wiki nzima ilikuwa imenyeshewa, ikanunuliwa kwa bei ya kutupa na watu wa chakula cha kuku. Nikiteremka ufuoni nikakuta mama mmoja ameinama pale pale penye utando, anausukuma kando kwa mkono, anateka maji.

"Mama, tafadhali, haya usinywe. Haya ndiyo yenye sumu."

Akanitazama. "Si wewe ndiye wa samaki?" Akaendelea kujaza mtungi wake.

Mama mdogo alinipokea nyumbani kwake, akapangusa kiti nisichohitaji kupangusiwa, akatuma soda dukani. Katika nyumba ile sikuwahi kunywa soda isipokuwa siku za wageni.

"Nyathina," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni, mtoto wangu, na nikadhani amenisamehe. "Siku ile mimi nilikuwa pale, na omena yangu. Ungepiga hatua ngapi ufike kuniambia?"

"Sikujua kwamba wataandika vile."

"Siulizi waliyoandika. Nauliza wewe."

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia kwamba mtafiti hawezi kusema kitu hakipo kabla ya kukipima, kwamba maneno yangu hayakuwa shutuma. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani.

"Mimi nikiulizwa kama wewe ni mwizi," akasema, "halafu nijibu, 'Siwezi kusema kwamba si mwizi.' Watu wataelewa nini?"

Soda ilikaa mezani hadi povu likaisha.

Wanunuzi walirudi polepole, lakini mama mdogo hakungoja. Alihamia Awasi, mbali na ziwa, kwa dada wa marehemu mume wake, na sasa anauza nyanya na vitunguu kando ya barabara ya Kericho. Nikipiga simu anapokea, anauliza hali ya watoto, anasema ana wateja.

Mwaka uliopita nilimpitia sokoni. Alikuwa amekonda. Tukaongea kuhusu mvua. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwambia kwamba sijapata amani tangu siku ile, lakini watu walikuwa wanakuja kununua, na kila nilipofungua mdomo alikuwa ameshageuka kumhudumia mwingine. Akanifungia vitunguu kwenye mfuko, akaniambia niende kabla giza halijaingia. Nikaingia garini, nikakaa pale muda mrefu nikilia, yeye akiendelea kupanga nyanya zake.